Disiki za zamani mu ordinatere mpya: tusizitupe

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama wa nyumbani,

Mu biro za sendika, kuanzia Likasi mpaka Kolwezi, mungali mashini za zamani zisizowaka tena. Watu wanasema: tuuze kwa wenye kununua vyuma. Sisi tunasema hapana. Mu disiki ya ndani munaweza kuwa liste za wale watu 10 655 waliotoka Gécamines mu opération ya départs volontaires ya 2003 na 2004: namba ya matrikile, miaka ya kazi, buletini za mshahara. Mjane anayetafuta pansio ku CNSS anapashwa kuonyesha bwana yake alitumika miaka ngapi. Kama karatasi ililiwa na mchwa, disiki njo inabaki.

Sasa, tulijenga ordinatere mpya kwa michango ya memba, kipande kwa kipande. Iko mbio sana. Lakini ndani yake hamuna pahali pa kuingiza ile kable pana ya pini 40, ya IDE. Karte-mere za leo ziko na SATA, kable nyembamba iliyotoka karibu na 2003, pamoja na M.2.

Kama disiki yako ni SATA, hata ya miaka kumi na tano, hauna shida: SATA ya zamani inaingia ku SATA mpya na inatumika. Angalia tu kitabu cha karte-mere, sababu zingine, ukiweka disiki ya M.2, zinafunga mlango mmoja ao miwili ya SATA. Watu wanazania disiki imekufa, kumbe mlango njo umefungwa.

Kama ni IDE, tafuta adaptatere ya IDE kwenda USB. Hapa watu wengi wanapotea: wananunua ile ya bei ndogo isiyokuwa na alimantasio yake. Disiki kubwa ya ordinatere ya mezani inaomba volti 12 na volti 5, na USB inatoa 5 tu. Ile ndogo ya portable peke yake njo inaweza kutosheka na USB. Fishi ya umeme ya pini 4 iko na pembe mbili zilizokatwa. Isipoingia, usisukume kwa nguvu, igeuze. Kable pana nayo iko na mstari mwekundu upande wa pini ya 1. Kavalie, kale kaplastiki ka nyuma, uiweke ku Master. Na zima kila kitu mbele ya kugusa.

Disiki ikianza kugonga tak-tak-tak, zima palepale. Kila dakika inayozunguka inaharibu zaidi.

Ikizunguka vizuri, Windows inaweza kukuuliza: unataka kuformata? Wandugu, ANNULER! Kuformata ni kupangusa liste nzima. Ikisema "accès refusé", hiyo haina kilio: disiki ingali inamjua mwenyewe wa zamani. Ingia mu Propriétés, Sécurité, Avancé, ubadilishe propriétaire. Usijaribu kuwasha ordinatere mpya na Windows XP ya mu disiki ile. Unakuja kuchukua mafishie tu. Pitisha antivirusi, kisha kopia.

Umeme wetu munaujua. Kama hauna onduleri, ngojea saa umeme unatulia, na ukopie kidogo kidogo, liste za watu mbele, mapicha ya fete nyuma. Fanya kopi mbili, zisilale mu nyumba moja. Disiki yenyewe uifunge, uandike mwaka juu yake, uiweke pahali pakavu.

Tena, hizo liste ziko na majina na mishahara ya watu. Usiziache siku tatu ku meza ya fundi wa soko. Delege asiye na adaptatere alete disiki kwetu ku biro. Tutaifungua mbele yake, na atarudi nayo siku ileile.