Uso Mweusi, Shela Jeupe: Sayansi ya Mwanga kwa Mpiga Picha

Kuna picha moja ya harusi inayomtoa jasho kila mpiga picha anayeanza kazi: bibi harusi mweusi wa kung'aa, ndani ya shela jeupe, kando yake bwana harusi mwenye suti nyeusi. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, ama shela hutoka safi na uso ukazama gizani, ama uso huonekana na shela likageuka doa jeupe lisilo na hata nakshi moja. Wengi huilaumu kamera, wakakopa hela kununua nyingine ya bei kubwa, nayo ikawapa picha ileile.

Kamera haijui kama mbele yake yupo mtu au ukuta. Kipima mwanga kilichomo ndani yake hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, na kimepangwa kuamini kwamba mandhari yoyote, ikijumlishwa, hurudisha takriban asilimia 12 hadi 18 ya mwanga ulioiangukia. Hicho ni kijivu cha katikati. Kitambaa cheupe hurudisha asilimia 80 na zaidi. Basi shela likijaza fremu, kamera huona mwanga umezidi, ikaupunguza, na uso ukapunguziwa pamoja nalo.

Fundi anayelijua hili huupima uso peke yake. Hapo nako pana mtego, kwa sababu kamera itajitahidi kuufanya uso mweusi uwe kijivu. Itabidi ashushe mwanga kidogo, pengine stopu moja, yaani nusu ya mwanga, ili weusi wa mtu ubaki wake. Mwenye simu pia anaweza: gusa uso kwenye kioo, alama ya jua ikitokea iteremshe au ipandishe hadi uso ufanane na ule unaouona kwa macho yako.

Hesabu hizi hazikutoka mbinguni. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na filamu nazo zilitengenezwa kwa kufuata kipimo hicho. Kodak ilipokuja kuboresha uwezo wa filamu kuonyesha rangi za kahawia na nyeusi, sehemu ya shinikizo ilitoka kwa watengenezaji wa samani za mbao na chokoleti waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri kwenye matangazo. Mbao zilisikilizwa kabla ya watu. Afrika Kusini, kamera ya Polaroid ID-2 ilitumika kupigia picha za vitambulisho vya Waafrika wakati wa ubaguzi wa rangi, na ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Wafanyakazi weusi wa Polaroid nchini Marekani walianza kupinga biashara hiyo mwaka 1970, na mwaka 1977 kampuni ikajiondoa Afrika Kusini. Ninayataja haya kwa sababu kijana wa Mwanza au Kisumu anapoambiwa kwamba watu weusi ni vigumu kuwapiga picha, anastahili kujua ugumu huo ulianzia wapi.

Sasa tuitazame ngozi yenyewe. Mwanga ukiigonga, sehemu ndogo, kama asilimia 4 au 5, huruka palepale juu bila kuingia ndani. Huo ndio mng'ao wa paji la uso na pua. Uliobaki huzama, ukakutana na damu na melanini, kisha unaosalia hurudi nje ukiwa umebeba rangi ya mtu. Melanini ikiwa nyingi, unaorudi kutoka ndani huwa mdogo. Mng'ao wa juu, kwa upande wake, ni uleule kwa watu wote, na ndiyo maana kwenye uso mweusi huchukua sehemu kubwa zaidi ya kile jicho linachokiona. Umbo la uso huo huchorwa na mng'ao wake.

Hapo ndipo kazi ya taa inapokuwa tamu. Flashi ndogo iliyo juu ya kamera, ikimulika moja kwa moja, huacha madoa makali ya weupe kwenye paji la uso na ncha ya pua, na kwingine kote giza. Isogeze taa upande, ipitishe kwenye mwavuli au softiboksi, au mkalishe mtu karibu na dirisha lenye pazia jeupe. Madoa yale hutandazika, yakawa utepe laini wa mwanga unaoshuka kutoka kwenye paji la uso, ukafuata mfupa wa shavu hadi kidevuni. Uso uliokuwa bapa unapata kina, na hakuna kilichoongezwa isipokuwa ukubwa wa chanzo cha mwanga.

Ukubwa huo hupimwa kutoka pale alipo mtu anayepigwa picha. Jua ni kubwa kuliko dunia mara 109 kwa kipenyo, lakini liko kilomita milioni 150 kutoka kwetu, kwa hiyo kwetu ni taa ndogo yenye vivuli vikali. Hapa karibu na ikweta, saa sita mchana huwa karibu na utosini na macho ya watu hugeuka mashimo meusi. Jioni nalo hushuka karibu wima, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu ambao vitabu vya Ulaya huusifia hupita haraka. Ukipanga kupiga saa kumi na mbili kasoro, anza kujiandaa saa kumi na moja. Ukikosa jioni, tafuta ukuta. Kuta za chokaa za Mji Mkongwe, Zanzibar, zikipigwa na jua huwa taa pana ya bure. Chini ya mwembe kuwe na hadhari: kivuli kipo, lakini majani huurudisha mwanga ukiwa na ukijani, na ngozi huubeba.

Umbali una kanuni yake. Taa ndogo ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo. Kwenye picha ya ukoo, ukiiweka taa mita 1 kutoka mstari wa mbele na mita 2 kutoka wa nyuma, wazee waliosimama nyuma watapata robo tu ya mwanga wa watoto waliokaa mbele. Irudishe mita 4, na wa nyuma watapata asilimia 64.

Kuhariri huanzia hapohapo kwenye kupiga. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, wakati JPEG ina 256. Ila ngazi hizo hazigawanyiki sawa: nusu yake huishia kwenye stopu moja ya juu kabisa, robo kwenye inayofuata, na vivuli hubakiwa na chache. Zaidi ya hapo, mwanga hufika kwa chembe, fotoni, na idadi yake haitulii. Penye fotoni 10,000 mtikisiko huwa kama 100, yaani asilimia 1. Penye fotoni 100 huwa 10, sawa na asilimia 10, na hizo ndizo chenga zinazojitokeza unapouinua kwenye programu uso uliopigwa gizani.

Sina ugomvi na uhariri. Mafundi wa studio za zamani walirekebisha negativu kwa penseli, na kazi yao bado inaheshimika. Ninachokipinga ni kitelezi cha kung'arisha ngozi, kinachofuta mng'ao na melanini kwa pamoja na kumkabidhi mteja uso usio wake. Mpiga picha aliyejifunza mwanga hakihitaji. Mteja akiomba weupe, mpigie kwanza picha moja kando ya dirisha, kwa kipimo cha uso wake, umwonyeshe bila kuigusa, ndipo aamue.