Mtazame Mkia: Olingo wa Misitu ya Mawingu

Babu yangu alikuwa mgema huko Pangani. Akipanda mnazi asubuhi na kukuta tembo limepungua kibuyuni, hakuuliza mwizi ni nani. Alimjua: komba.

Nilimkumbuka babu usiku mmoja huko Monteverde, milimani Kosta Rika. Mnyama mdogo aliteremka tawini hadi kwenye chupa ya maji ya sukari iliyotundikwa kwa ajili ya ndege wavumaji. Macho yake yaling'aa kwenye mwanga wa tochi. Akalamba, akasikiliza, akalamba tena.

"Komba!" nikanong'ona.

Mwongoza watalii akatikisa kichwa. "Olingo."

Komba ni wa ukoo mmoja na kima. Olingo ni jamaa wa rakuni. Kilichowafananisha ni maisha ya usiku juu ya miti. Olingo ana uzito wa kilo moja na kitu, manyoya ya kahawia na masikio madogo ya mviringo. Hula matunda, nekta na wadudu, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu.

Msitu huohuo una mnyama mwingine, kinkaju, na wengi huwachanganya. Mwongozaji wangu alinipa siri: mtazame mkia. Kinkaju huuzungusha tawini akaning'inia. Mkia wa olingo, mrefu na wenye manyoya tele, haushiki kitu; humsaidia tu asipepesuke.

Hata wataalamu wamewahi kupotea. Miaka ya 1960 jike mmoja, Ringerl, alikamatwa Kolombia akapelekwa Marekani. Alihamishwa bustani moja ya wanyama hadi nyingine akitafutiwa dume la olingo, asizae kamwe. Mwaka 2013 mtaalamu wa wanyama Kristofer Helgen na wenzake walitangaza spishi mpya ya milima ya Andes, olinguito, ndugu mdogo wa olingo. Ringerl, aliyekufa zamani, alikuwa olinguito. Miaka yote hiyo alitafutiwa mume asiye wa aina yake.

Kisa hiki kinaniuma. Tusiyemjua kwa jina lake, nani atamtetea shoka likifika? Olingo huishi, hula na huzaa mtini; msitu ukienda, naye ameenda.

Usiku wa pili nilirudi palepale. Matawi yakatikisika. Safari hii sikusema neno, nilisubiri mkia.