Lemna na Kinachoilisha

Ukichota kiganja cha maji kwenye bwawa lililogeuka kijani, utabaki na vipande bapa vya milimita chache, kila kimoja kikining'iniza mzizi mmoja mwembamba. Hii ndiyo lemna, mmea usio na shina wala majani ya kawaida. Tazama ubavuni mwa kipande: kuna kichanga kinachomoza. Lemna hutoa maua kwa nadra. Huzaa kwa kuchipua hivyo, na mazingira yakiiruhusu huongezeka maradufu kwa siku mbili au tatu. Tuchukue tatu, tuanze na sentimita moja ya mraba katika bwawa la mita za mraba 100. Siku ya 48 itakuwa imefunika sehemu moja tu kati ya kumi na sita, na mwenye bwawa hana habari. Siku ya 60 maji hayaonekani tena, naye ataapa kwamba imezuka ghafla.

Wa kwanza kulaumiwa huwa ni ndege, na si bure. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, alieleza kwamba mara mbili aliona vimea hivi vimenata mgongoni mwa bata aliyetoka bwawani. Lakini kufika ni jambo moja na kustawi ni jingine. Bata hao hao hutua pia kwenye mabwawa yasiyofunikwa kamwe. Mzizi wa lemna haugusi tope; naitrojeni na fosforasi yake yote huipata kwenye maji yenyewe, kwa hiyo maji yasipokuwa na chakula, mgeni huyu hudumaa. Wafugaji wanaoiotesha makusudi kwa ajili ya perege wanalijua hili vizuri: huanza kwa kutia samadi majini. Mwaka 2004 ilitanda juu ya zaidi ya sehemu moja ya kumi ya Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, ziwa ambalo kwa miaka mingi limekuwa likipokea majitaka ya miji na mbolea inayotiririka kutoka mashambani. Kwa maoni yangu, basi, swali la nani aliileta halina uzito mkubwa. La kuuliza ni nani anailisha.

Wapo watakaosema: iopolewe, yaishe. Hoja hii ina nguvu, maana zulia zito huzuia mwanga, oksijeni ya maji hupungua, na samaki hufa. Tena kila ndoo inayotolewa hutoka na virutubisho ndani yake. Bangladesh wameitumia lemna kusafisha majitaka, kisha wakalishia samaki. Ila ukiopoa nusu leo, ndani ya siku tatu nusu hiyo inaweza kuwa imerudi. Hoja nzito zaidi ilitoka Uholanzi mwaka 2003, pale Marten Scheffer na wenzake walipoonyesha kwamba lemna hushindana na mimea inayoota chini ya maji, na kila upande una silaha yake. Lemna huwanyima wapinzani mwanga. Wao huinyima chakula kwa kuvuta virutubisho kutoka majini. Anayetawala hujilinda mwenyewe, na ndiyo sababu kuopoa mara moja tu, kukifanyika vizuri, kunaweza kuwapa wa chini nafasi ya kushika bwawa na kulishikilia. Je, hili halinipingi? Kwa kiasi, ndiyo: rutuba peke yake haiamui kila kitu. Lakini mageuzi hayo yanawezekana pale tu virutubisho vilipo vya wastani. Vikizidi, mimea ya chini haiwezi kuvimaliza, na lemna hurudi hata ukiopoa kila wiki.

Kwa hiyo, kabla ya kununua wavu, mwenye bwawa apande kufuata mfereji unaoingiza maji: pengine kuna banda la ng'ombe kwenye mteremko, au choo kinachovuja, au shamba lililotiwa mbolea siku moja kabla ya mvua. Asipokuta kitu huko juu, apime chakula anachowamwagia samaki wake, maana kinachobaki bila kuliwa huoza na kuishia kwenye maji yale yale.