RUTA YA NYUMBANI: PIMA KABLA HUJANUNUA

Siku hizi intaneti imeingia katika hesabu ya matumizi ya nyumbani pamoja na unga, umeme na sare za shule. Kwa hiyo yafaa fedha inayotolewa kununua ruta, yaani kisanduku kinachopokea intaneti na kuigawa nyumbani kwa waifai, itolewe kwa kufikiri.

Malalamiko ya kawaida ni haya: sebuleni inafanya kazi, vyumba vya uani hakuna kitu. Muuzaji naye hushauri ununue kubwa zaidi. Kabla hujakubali, fanya jaribio lisilogharimu hata senti.

Anza karibu

Simama na simu yako hatua mbili kutoka kwenye ruta. Ikiwa mwendo ni hafifu hapo hapo, huenda kosa linatoka nje: kwenye mnara, kwenye waya au kwenye kifurushi chenyewe. Mnamo tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota. Hakuna ruta, ya bei kubwa wala ndogo, iliyoweza kuponya ugonjwa huo. Kwa kosa la namna hii mwone mtoa huduma; asipokusikiliza, peleka malalamiko TCRA.

Lakini ikiwa karibu ni pazuri na uani ni pabaya, mshtaki ukuta. Katika mitaa ya zamani ya Tabora, kama Mtendeni, nyumba yenye kuta nene za matofali huyachosha mawimbi. Yale ya gigahezi 5 yana kasi ila hushindwa upesi na kuta. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi kwa mwendo mdogo. Chagua ruta yenye yote mawili, kisha iondoe nyuma ya televisheni uiweke juu, karibu na ukumbi wa katikati.

Vituo vya njiani

Hapo tu ikishindikana, fikiria meshi, yaani vifaa viwili au vitatu vinavyopokezana mawimbi. Kumbuka misafara ya zamani iliyopitia Tabora kwenda Ujiji: kambi ilipigwa penye maji, haikungoja wapagazi waanguke kwa kiu. Vivyo hivyo, kifaa cha pili usikiweke katika chumba kisichopata kitu. Kiweke njiani, mahali ambapo mawimbi bado yana nguvu. Ukiweza kuviunganisha kwa waya, ni bora zaidi. Nyumba ya vyumba viwili kwa kawaida haihitaji gharama hiyo.

Dukani uliza mambo mawili: je, ruta hii hukubali laini ya kampuni yoyote, au imefungwa kwa moja? Je, yaweza kutumia betri ndogo umeme ukikatika? Na ukifika nyumbani, badili mara moja neno la siri lililokuja nayo.

Basi, pima kwanza, hamisha pili, nunua mwisho.