Kupima sarafu ya kale upya: Nani hufaidika?

SARAFU ya kale iliyofungwa kwenye pindo la leso ya nyanya yaweza kuwa na thamani kubwa kuliko ile iliyoandikwa juu yake. Hata hivyo, kwa familia nyingi katika mitaa kama Obunga, jijini Kisumu, hatari kubwa ni kutumia pesa za karo kutafuta cheti kisichoongeza chochote.

Katika biashara ya kimataifa ya sarafu, bei hutegemea mambo matatu: uchache wa sarafu, idadi ya wanaoitaka na hali yake. Hali hiyo ndiyo hupewa alama.

Kipimo kinachotumika zaidi kilibuniwa mwaka 1949 na Mmarekani William Sheldon kwa ajili ya senti za kale za nchi yake. Huanzia 1 hadi 70. Sheldon alikusudia sarafu ya alama 70 iwe na bei mara 70 ya ile ya alama 1. Hesabu hiyo ya bei iliachwa zamani, ila kipimo kilibaki.

Kampuni mbili za Marekani, PCGS iliyoanza kazi mwaka 1986 na NGC ya mwaka 1987, ndizo maarufu zaidi katika kazi hii. Wataalamu wao huchunguza sarafu, huipa alama, kisha huifunga katika kisanduku cha plastiki chenye nambari. Alama 60 na kuendelea ni za sarafu ambazo hazikuchakaa kwa kupita mikononi mwa watu.

Kazi hii hufanywa kwa jicho, na macho ya watu hutofautiana. Ndiyo sababu mwenye sarafu hurudi kuomba ipimwe upya.

Zipo njia tatu. Ya kwanza ni kuirudisha kwa kampuni ileile ikiwa ndani ya kisanduku chake, iangaliwe kama yastahili kupandishwa. Ya pili ni kuipeleka kwa kampuni nyingine ili iitambue alama hiyo. Ya tatu ni kuvunja kisanduku na kuipeleka tupu. Njia hii ya mwisho ndiyo yenye hatari zaidi, kwani sarafu yaweza kushuka, au kukataliwa kabisa.

Tuseme sarafu ya alama 64 huuzwa dola 200, na ya alama 65 huuzwa dola 600. Ikiwa ada, posta na bima ni dola 100, mwenyewe anahitaji uwezekano wa zaidi ya mara moja kati ya nne ili jaribio hilo liwe na maana. Tofauti ya bei ikiwa dola 50 tu, hata akifaulu amepata hasara.

Akina mama wanaokaanga mgongo wazi Obunga wanaielewa hoja hii. Minofu ya mbuta hubaki kiwandani na kuuzwa ng'ambo, huku mifupa ikiletwa mtaani. Mbuta aliyeshinda juani hawi mbichi kwa kukaguliwa mara ya pili. Sarafu nayo haibadiliki. Kinachoweza kubadilika ni uamuzi wa mkaguzi.

Je, sarafu zinazopatikana kandokando ya Ziwa Victoria zinastahili safari hiyo? Nyingi hazistahili.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, fedha iliyotumika ilikuwa rupia. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921. Rupia za India zenye sura ya Malkia Victoria au Mfalme Edward wa Saba zilifuliwa kwa mamilioni, na zikichakaa bei yake hukaribia ile ya fedha iliyomo ndani yake.

Kuna pia sarafu ya senti 10 yenye tundu, ambayo wazee wa Nyanza huiita otonglo. Ile ya mwaka 1936 yenye jina la Mfalme Edward wa Nane hudhaniwa kuwa adimu kwa kuwa alitawala kwa chini ya mwaka mmoja. Ukweli ni kwamba zilitolewa kwa wingi na bado zinapatikana kwa bei ndogo. Ada ya kuipima huenda ikawa mara kadhaa ya bei yake.

Zipo chache ambazo alama hubadilisha mambo. Mojawapo ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyofuliwa na Wajerumani mjini Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Zilitengenezwa takriban 16,000 pekee. Hata hivyo, imeghushiwa mara nyingi, hivyo swali la kwanza ni kama ni halisi. Alama hufuata baadaye.

Kosa linaloua thamani haraka zaidi hutokea nyumbani. Mtu huona weusi juu ya sarafu, akaisugua kwa majivu, ndimu au waya wa kusugulia sufuria. Sarafu hung'aa, lakini uso wake umekwaruzwa. Kampuni huandika kuwa imesafishwa na kuinyima alama ya kawaida. Hakuna kupimwa upya kunakofuta mikwaruzo hiyo.

Sheria pia ipo. Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Rupia ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, yaweza kuingia katika kundi hilo.

Kwa mwenye sarafu, hatua ya kwanza haigharimu kitu: aishike kwa ukingo, asiisugue, asome mwaka na herufi ndogo zilizo juu yake, kisha alinganishe na bei ambazo sarafu kama hiyo iliuzwa kwa kweli mnadani, wala si bei ambazo wauzaji wanaitisha. Anayeahidi mamilioni ya shilingi, huku akidai ada kwanza, aepukwe.