Kasavuli: Mtangazaji aliyefungua njia, kifo chake ni somo kwa wazazi wenye mabinti

Ikifika saa 2 usiku, nyumba nyingi hapa Segerea televisheni huwa kwenye taarifa ya habari. Leo mwanamke akisoma habari hakuna anayeshangaa. Nchini Kenya, aliyefungua njia hiyo ni Catherine Kasavuli.

Alianza utangazaji mwaka 1980 akiwa na miaka 18, katika redio ya Sauti ya Kenya, kisha akahamia televisheni. Kituo cha KTN kilipoanzishwa mwaka 1990, akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kusoma habari moja kwa moja hewani. Wakati huo Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. ITV ilianza 1994.

Mwaka 2007 alijiunga na Citizen, na 2021 akarejea KBC, shirika alikoanzia kazi.

Desemba 29, 2022 alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akiwa na miaka 60. Alikuwa akiugua saratani ya mlango wa kizazi.

Kinachouma ni kwamba saratani hii inazuilika. Husababishwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Kutoka maambukizi hadi saratani huweza kupita miaka 15 hadi 20, hivyo muda wa kuigundua mapema upo. Hata hivyo, hapa Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, binti mwenye miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya HPV. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu, bila malipo. Hutolewa shuleni na kwenye vituo vya afya. Yale maneno ya mtaani kwamba inaharibu kizazi si kweli. Anachanjwa mapema kwa sababu chanjo hufanya kazi vizuri kabla hajakutana na kirusi.

Pili, mama mwenye miaka 30 na kuendelea akapime hata kama haumwi chochote. Anayeishi na VVU anatakiwa kuanza mapema zaidi na kupima mara kwa mara. Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, usisubiri.

Baba naye asiseme hayo ni mambo ya kina mama. Mara nyingi nauli na ruhusa ya kwenda kituoni hutoka kwake.