Zana za mzee zatoka sandukuni, zapanda ukutani

KWA miaka zaidi ya 30 baba yangu alikuwa na amri moja nyumbani: hakuna kupigilia msumari ukutani. Tulikuwa Karagwe, Tanzania, alikofika akiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1960 akitokea Rwanda. Alikuwa seremala. Misumeno, randa, patasi na nyundo zake zilikaa katika sanduku la mbao chini ya kitanda, na kila jioni zilirudi humo hata kama kazi ilikuwa ikiendelea kesho yake. Siku moja nilimuuliza kwa nini hazitundiki kama maseremala wengine. Akanijibu, "Mwanangu, anayetundika vitu ni mwenye kwake."

Nilizaliwa huko mwaka 1980, nikasoma huko shule ya msingi na sekondari, na tukarejea Rwanda mwaka 1998 baada ya mimi kumaliza kidato cha nne. Leo ni mwalimu hapa Kigali. Mzee amevuka miaka 80, naishi naye, na sanduku lake lilikuja naye. Bado hutengeneza vigoda na kurekebisha meza za majirani katika chumba cha uani.

Tatizo lilianza macho yake yalipopungua nguvu. Alizoea kutafuta zana kwa kupapasa ndani ya sanduku, na siku moja patasi ikamkata kidole vibaya. Dada zangu wakakata shauri kwamba zana ziuzwe. Mimi niliomba mwezi mmoja nijaribu njia nyingine, kwa sababu sikujua mzee angefanya nini kutwa nzima bila kazi.

Njia niliyoifikiria ni ile ambayo wafanyabiashara wote wanaijua kwa macho hata kama hawajui jina lake. Ingia duka lolote la vifaa vya simu mjini. Ukutani utaona ubao wenye mifereji ya kulala, na kulabu za chuma zimechomekwa humo, zikibeba makava na chaja. Kulabu huhamishika popote bila kutoboa upya. Nikajiuliza: kama unabeba chaja, kwa nini usibebe nyundo?

Niliulizia ubao mpya. Ukijumlisha kulabu na usafiri, ungekula sehemu kubwa ya mshahara wangu. Ndipo nikapata wazo la kutafuta mtu anayehama duka, kwani anayehama mara nyingi huuza mbao za ukutani kwa bei ya kutupa. Nikapata mmoja, nikaubeba nyumbani, nikaufunga ukutani kwa skurubu, nikatundika zana zote. Usiku wa tatu tulisikia kishindo. Ubao ulikuwa sakafuni pamoja na vipande vya plasta. Bahati njema, chumbani hakukuwa na mtu.

Kosa langu lilikuwa wapi?

Nilikwenda Gakiriro ya Gisozi, ambako mafundi wengi walihamia kutoka Gakinjiro ya zamani katikati ya mji. Fundi mmoja alinisikiliza, akacheka, akaniuliza, "Mwalimu, ukuta wako ni wa tofali gani?" Nikamwambia ni rukarakara, yaani tofali la udongo lililokaushwa juani bila kuchomwa. Akasema basi hakuna haja ya kuendelea kueleza.

Mbao hizi za madukani hutengenezwa kwa MDF, yaani nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Ubao mzima wa sentimita 244 kwa 122, wenye unene wa milimita 18, hukaribia kilo 40 kabla hujatundika chochote. Skurubu ikiingia katika rukarakara hushika plasta tu. Udongo ulio nyuma yake hubomoka. Isitoshe, mdomo wa mfereji wa MDF usiotiwa reli ya alumini hukatika ukibebeshwa chuma kizito, na MDF ikipata unyevu wa masika huvimba na hairudi tena kama ilivyokuwa.

Fundi akanishauri niache kuutegemea ukuta. Mzigo ushuke sakafuni, na ukuta uwe wa kuegemea tu. Tulifanya hivi.

Tulisimamisha nguzo tatu za mkaratusi, ambao hapa tunauita inturusu, za sentimita 5 kwa 7, zikiachana sentimita 60. Chini kila nguzo imekalia kipande cha tofali la kuchoma ili isinyonye maji, na imepakwa oili chafu dhidi ya mchwa. Juu zimefungwa kwenye boriti ya paa.

Kisha tukapigilia bapa za kulala kutoka nguzo hadi nguzo, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 9, na kati ya bapa na bapa tukaacha uwazi wa sentimita 2. Uwazi huo ndio mfereji wetu. Ili nafasi zilingane, tulikata kijiti cha sentimita 2 na kukiweka kati ya bapa kila tulipofunga nyingine. Matundu yalitobolewa kwanza kwa keekee, maana mbao nyembamba iliyokauka hupasuka ukilazimisha skurubu.

Bapa zenyewe zilitoka kwenye paleti mbili za kupakilia mizigo. Hapa nawaomba wasomaji wawe waangalifu. Paleti iliyosafiri kimataifa huwa na muhuri. Ukiona herufi HT, mbao ilitibiwa kwa joto. Ukiona MB, ilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu. Hiyo usiiingize nyumbani.

Kulabu tulizikunja wenyewe kwenye jiliwa kwa nondo za milimita 6. Ncha ya nyuma huingia katika uwazi na kushuka sentimita 3 nyuma ya bapa, kisha nondo hupanda juu ya ukingo wa bapa, hushuka kwa mbele ikiilalia, na mwisho hutokeza nje na kupinda juu kidogo ili zana isiteleze. Hakuna kuchomelea. Kadiri zana inavyovuta chini, ndivyo kulabu inavyozidi kubana bapa. Gharama yote haikufika nusu ya bei niliyotajiwa ya ubao mpya.

Kwa wanaovuka mpaka

Najua wengi mnaosoma ukurasa huu mnapita Rusumo au Gatuna, na wengine mtauliza kama si rahisi zaidi kuleta kulabu kutoka Kariakoo. Kumbukeni utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, husamehewa ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa mpakani. Lakini kulabu iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa sababu umeinunua Dar es Salaam. Itatozwa ushuru kama bidhaa ya nje. Kwa mzigo mdogo, fundi wa mtaani mwenye jiliwa atakupunguzia gharama na usumbufu.

Kwa upande wa mzee, tulipaka bapa zote rangi nyeupe ili chuma na mipini ya zana vionekane hata kwa macho hafifu. Nyuma ya kila zana tulichora umbo lake kwa rangi nyeusi, hivyo iliyokosekana hujulikana mara moja. Zana nzito zipo chini ya usawa wa kifua. Patasi zimechomekwa katika ubao wenye matundu, makali yakiwa yamefichwa, na mkono hukutana na mpini tu.

Mwezi ulipokwisha dada zangu walikuja. Tulimwomba mzee achukue patasi ya nusu inchi. Alinyoosha mkono, akaichukua, akawaonyesha, akairudisha mahali pake. Dada mkubwa alitazama kidole chenye kovu, kisha akasema meza yake ya jikoni ina mguu unaolegea na ataileta Jumamosi.

Nilitaka kulichana lile sanduku nipate bapa mbili zaidi. Mzee alikataa. Alisema zana zina kwao sasa, lakini sanduku nalo lilikuwa nyumba yao kwa miaka mingi. Limerudi chini ya kitanda chake, tupu.